Barua kwa mwanangu: gari la kwenda Arusha na kurudi Moshi kila siku

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kazi ya Arusha umeipata, nyumba na shule ya watoto zinabaki Moshi, na unaniuliza kati ya Toyota IST, Premio na Crown ya injini ya lita 2.5 lipi litakupeleka na kukurudisha kila siku bila kukuvunja mgongo wala kuumalizia mshahara wako sheli. Jibu langu ni Premio ya 1.8, au Allion, ambayo ni pacha wake. Lakini Premio mbovu ni mbaya kuliko IST nzima, kwa hiyo usiishie kwenye jina la gari.

Tuanze na barabara yenyewe. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Kwenda na kurudi ni 160, na kwa siku 22 za kazi utatembea kilomita 3,520 kila mwezi. Ukitoa likizo na sikukuu, mwaka unakaribia kilomita 40,000. Wenzako wanaokusifia magari yao wanazungukia mjini, na hizo 40,000 wao huzimaliza kwa miaka mitatu au minne. Ushauri wao ni wa kweli kwa safari zao.

Kuna na mlima ambao hauonekani kwa macho. Moshi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha iko karibu mita 1,400. Ukishapita njia panda ya KIA unapanda taratibu: Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, mpaka Tengeru. Ni takribani mita 500 za kupanda kila asubuhi. Na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, ikifika Arusha imepoteza kama sehemu moja ya nane ya nguvu zake. Hapo ndipo gari la cc 1,000 au 1,300 linapokukwamisha. Unataka kulipita lori lililobeba saruji, unakanyaga, injini inalia, gari haliendi, na mbele kuna basi linakuja. Mimi kinachonitia hofu zaidi ni hicho, kuliko mafuta.

Premio ya 1.5 ina injini ya 1NZ-FE, nguvu farasi kama 110. Ya 1.8 ina 2ZR-FE, nguvu farasi 136. Kwa mwendo wa kutulia wa 80 hadi 90 tofauti yao ya mafuta ni ndogo, kwa sababu kwenye mlima ile ya 1.5 hulazimika kukanyagwa sana. Ndiyo maana nimesema 1.8. Ukikosa ya 1.8 iliyo nzima, chukua ya 1.5 iliyo nzima, ila uwe na subira ya kupita magari.

IST ya toleo la kwanza, la kabla ya 2007, ni gari imara, na gia boksi yake ya gia nne haina usumbufu. Tatizo ni umbo. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma IST ina milimita 2,370, wakati Premio ina 2,700. Gari fupi hurusharusha kichwa kwenye matuta na rasta, na barabara ile unaijua, kila kijiji kina vyake. Ukiwa kwenye mwendo gia nne huiacha injini inazunguka sana, kelele inaingia ndani, na baada ya saa moja na nusu unashuka masikio yanavuma. Mara moja kwa wiki unavumilia. Mara kumi kwa wiki, mgongo utakudai.

Crown ni tamu, sikudanganyi. Viti vyake na ukimya wake Premio haifikii. Lakini piga hesabu nami. Crown ya 2.5 yenye silinda sita, ikiendeshwa kwa adabu, hutembea kilomita 9 au 10 kwa lita. Chukua 9.5: kilomita zako 3,520 zinakula lita 370 kwa mwezi. Premio nzima kwenye barabara hiyo tarajia kama 14 kwa lita, yaani lita 251. Tofauti ni karibu lita 120 kila mwezi. Zidisha kwa bei iliyoandikwa sheli leo uone ni ada ya nani. Tena injini ile ya 4GR-FSE hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haioshi vali za kuingiza hewa, na masizi huganda juu yake. Kuyaondoa ni kufungua injini, tena kwa fundi anayeijua. Mark X ya 2.5 ina injini hiyohiyo.

Takwimu za Kijapani utakazozikuta kwenye matangazo, usizipangie bajeti. Kipimo chao cha zamani, 10-15, kilifanyika kwa mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa, kwenye mashine, bila mlima wala upepo. Kwako upepo ndio mlaji mkubwa. Ukitoka 80 kwenda 100, nguvu ya hewa kuizuia gari huongezeka kwa zaidi ya nusu, asilimia 56. Na kwa vibao vya mwendo wa 50 vilivyojaa njiani, anayekimbia 100 atakutangulia dakika chache tu.

Najua utaniuliza kuhusu haibridi, gari la injini ya petroli na mota ya umeme, kwa mfano Axio ya kuanzia 2013. Haibridi huvuna nguvu kwenye breki, na faida yake kubwa iko kwenye foleni. Kwenye barabara ndefu faida inapungua, ila wewe una mteremko wa jioni kurudi Moshi, na huo huijaza betri. Ikiwa nzima inaweza kufika kilomita 20 kwa lita. Masharti yake ni mawili. Betri ipimwe kwa kompyuta kabla hujalipa hata senti, na tundu la hewa ya kupoza betri, lililo karibu na kiti cha nyuma, lisizibwe na mkoba wala vumbi. Betri ikikosa hewa inapikika. Kama huna fundi wa haibridi unayemwamini Moshi au Arusha, achana nayo kwa sasa.

Sasa sikiliza kwa makini habari ya gia boksi, kwa sababu Premio nyingi zinafia hapo. Premio za kuanzia 2007 zina CVT, gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za ngazi. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta yake yameundwa ili mkanda usiteleze. Fundi akiweka mafuta ya kawaida ya gia boksi ya otomatiki, yale yanayofaa IST hiyo, mkanda unaanza kuteleza, unakwaruza puli, na baada ya miezi gari linavuma lakini haliendi. Hapo hakuna kurekebisha, ni kubadilisha gia boksi zima. Toyota ina mafuta ya CVT aina ya TC na FE. Lako linataka yapi, kitabu cha gari ndicho kiseme. Yabadilishwe kila kilomita 40,000, yaani kwako kila mwaka. Simama hapo fundi akifanya kazi, uone kopo lenyewe likifunguliwa, na apime alichotoa ili ajue cha kurudisha.

Siku ya kulijaribu gari, omba ulikute injini ni ya baridi. Mwenye gari akiwa ameshaliwasha kabla hujafika, jiulize anaficha nini. Liwashe, tia D ukiwa umekanyaga breki, kisha R. Gari liitike ndani ya sekunde moja, bila kugonga. Kisha mwambie mnapanda kutoka Usa River kwenda Tengeru, usikubali kuzungushwa kwenye lami tambarare nyuma ya yadi. Panda kwa 40 hadi 60 ukikanyaga polepole. Gari likitetemeka kama linapita juu ya rasta ambazo hazipo, au mizunguko ya injini ikipanda huku mwendo umesimama palepale, shukuru uondoke. Mlio mwembamba unaoongezeka na mwendo unaweza kuwa beringi ya gia boksi au ya tairi, na fundi atatofautisha akiinua gari kwenye jeki.

Mkirudi, simama bila kufunga breki ghafla, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki ya pale imeng'ang'ania, na hiyo inakula mafuta na pedi kwa pamoja. Fungua rejeta ikishapoa: maji yawe ya pinki au ya kijani safi. Yakiwa na rangi ya kutu, wamekuwa wakijaza maji ya bomba. Uliza pia kama themostati ipo, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi huing'oa wakidai wanazuia gari kuchemka. Matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta inaongeza petroli, na wewe unashangaa kwa nini 14 imekuwa 11. Gari lenye taa ya buluu ya ubaridi ikawa inachelewa sana kuzimika, au inawaka tena kwenye mteremko, themostati imeng'olewa au imekwama wazi.

Kilomita zinarudishwa nyuma, hilo halina siri. Gari likiwa limetoka Japani, omba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirishia. Cheti hicho huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko, na namba ya chesisi lazima ifanane na iliyogongwa kwenye bodi. Kwenye karatasi ya mnada alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo unayoweza kuishi nayo, R au RA limeshagongwa likatengenezwa. Ukiagiza mwenyewe, weka kwanza taarifa za gari kwenye kikokotoo cha TRA, maana gari likizeeka ushuru wake unaongezeka, na injini iliyozidi cc 2,000 inaongezwa tena.

Jambo moja kuhusu miaka. Kuanzia 2010 ile ya 1.8 ilibadilishiwa injini ikawa 2ZR-FAE, yenye kifaa cha umeme kinachorekebisha uwazi wa vali. Inabana mafuta vizuri, lakini kifaa kile kikifa injini inaishiwa nguvu na spea yake ni ghali. Kwa hiyo ukiikuta ya 2007 hadi 2009 ambayo iko nchini tayari na imetunzwa, ipe nafasi ya kwanza. Ukichukua ya 2010 na kuendelea, kompyuta isome kumbukumbu za hitilafu kabla ya bei kuzungumzwa.

Kiti usikipime kwa dakika mbili. Kaa dakika 40. Mgongo wote uguse kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kuacha kiti, na goti libaki limekunja kidogo breki ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Sponji ya kiti cha dereva ikiwa imebonyea upande mmoja, fundi wa viti anaijaza kwa siku moja. Rangi na redio ni shauri lako.

Bakiza fedha ya matairi. Yale yaliyokuja na gari mara nyingi ni ya zamani hata kama kashata bado zinaonekana. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yaliyozidi miaka sita usiyapandishe barabara ile. Premio inachukua 195/65R15, na usikubali kubadilishiwa rimu kubwa zenye tairi jembamba, kwa sababu ubavu wa tairi ndio unaomeza tuta. Upepo upimwe asubuhi kabla hujatembea, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni, linapata joto, na hupasukia kwenye mwendo.

Oili ya injini ya 1.8 ni lita 4.2 pamoja na filta, ya 1.5 ni 3.7, tumia 5W-30. Kwa kilomita 5,000 utaibadilisha kila wiki sita. Matumizi yapime mwenyewe: jaza hadi pampu ikate, sifuri kilomita za safari, endesha wiki nzima, jaza tena pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Andika. Namba ikishuka kwa kilomita mbili ghafla, tafuta sababu kabla taa ya cheki injini haijawaka.

Na taa ziwashe mchana. Asubuhi unaelekea magharibi, jua liko mgongoni mwako, kwa hiyo wewe unaona vizuri. Wanaotoka Arusha ndio linaowapiga machoni. Jioni unarudi mashariki, na ni vilevile: wewe jua liko mgongoni, wao hawakuoni mpaka uwe karibu. Taa za mbele zilizofifia kioo zing'arishwe au zibadilishwe kabla hujaanza kazi.

Ukipata gari, nitumie picha ya karatasi ya mnada, ya tarakimu za DOT kwenye matairi yote manne, na video ya injini ikiwashwa ya baridi. Usitoe malipo ya kushikia gari kabla sijakupigia.

Baba yako