Leseni ya ambulensi ya Texas, Colorado wanaitambua?

SWALI: Mbukwenyi kaka. Mdogo wangu yuko Marekani, ni EMT, yani mhudumu wa dharura, anafanya kazi kwenye ambulensi huko Texas. Sa hivi anataka kuhamia Colorado, mkewe kapata kazi kule. Anasema kuna mkataba wa majimbo kwa hiyo leseni yake inatosha, aache kazi tu aende. Mi nina wasiwasi maana hela ya ada ya watoto huku nyumbani inatoka kwake. Ni kweli? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mbukwa dada. Mkataba upo kweli, ila mdogo wako kauelewa nusu, na hiyo nusu aliyoiacha ndo inaweza kumkalisha bila kazi.

Huku kwetu mgonjwa akitolewa Manyoni akaletwa Benjamin Mkapa hapa Dodoma, hakuna anayemuuliza nesi aliye kwenye ambulensi leseni yake ni ya mkoa gani, baraza la wauguzi ni moja Bara nzima. Marekani sio hivo, kila jimbo linatoa leseni yake ya wahudumu wa dharura na leseni hiyo ikivuka mpaka inakuwa haina nguvu, yani mtu anaokoa maisha upande huu wa barabara, upande wa pili kisheria hana ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Kwa kweli hilo lilikuwa linaniumiza hata kulisoma, mgonjwa hajui mpaka uko wapi.

Ndo maana ukaja mkataba unaitwa EMS Compact. Jimbo linajiunga kwa kutunga sheria yake, Colorado ilikuwa ya kwanza mwaka 2015, 2017 yakafika majimbo 10 ukapata nguvu, na 2020 corona ilipoingia ndo ukaanza kutumika rasmi. Texas nayo imo. California na New York hawamo, huko asijaribu kabisa.

Sasa sikiliza hapa. Mkataba unampa ruhusa ya kufanya kazi jimbo jingine kwa muda mfupi au mara moja moja, kwa mfano kupeleka mgonjwa ng'ambo ya mpaka, kwenda kumchukua huko, au kusaidia kwenye moto na mafuriko. Na lazima awe na miaka 18 kwenda juu, leseni ya nyumbani iwe safi haina kizuizi, na awe chini ya daktari msimamizi. Hapo kwa daktari wengi hawapaangalii, ila ukiacha kazi na daktari msimamizi umemwacha hukohuko, kwa hiyo hata ile ruhusa inakuwa haina pa kusimamia. Alafu wakimfungia leseni Texas, ruhusa ya majimbo mengine yote inaondoka nayo.

Kuhamia moja kwa moja ni habari nyingine. Anaenda kuishi na kuajiriwa Colorado, basi aombe leseni ya Colorado. Cheti chake cha National Registry, yani kile cha kitaifa cha wahudumu wa dharura, asikiache kiishe muda, maana majimbo mengi yanakitaka unapoomba leseni mpya, na waliokiacha kife wanasumbuka mno kukifufua.

Mpigie leo dada, mwambie atume maombi Colorado akiwa bado kazini, alama za vidole zichunguzwe, leseni itoke, barua ya kuacha kazi Texas iandikwe baada ya hapo.