Maswali ya Wasomaji: Yamato na Iowa, Ipi Mbabe?

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi na kaka yangu tunabishana kuhusu manowari mbili za Vita Kuu ya Pili, Yamato ya Japani na Iowa ya Marekani. Kaka anasema mwenye mzinga mkubwa ndiye mshindi, na kwenye gemu la World of Warships kweli Yamato hunipasua kila siku. Je, zingekutana baharini, ipi ingezama? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Hazikuwahi kupigana, na kwa tarakimu tupu kaka yako yuko sahihi. Yamato ilikuwa na mizinga 9 ya milimita 460, kila kombora likiwa na uzito wa kilo 1,460 hivi, na deraya (bamba nene la chuma la kinga) ya ubavuni ya milimita 410. Iowa ilikuwa na mizinga 9 ya milimita 406, kombora la kilo 1,225, na deraya ya ubavuni ya milimita 307. Mzinga wa Yamato ulifika kilomita 42, wa Iowa 38. Iowa iliizidi kwa mbio: kilomita 60 kwa saa dhidi ya 50.

Masafa hayo yasiwadanganye. Kombora la Iowa huchukua karibu sekunde 50 kufika kilomita 27. Katika muda huo, Yamato ikiwa katika kasi yake yote imeshasogea karibu mita 700, na urefu wake wote ni mita 263. Kwa hiyo mpiga mizinga halengi meli anayoiona. Analenga maji matupu ambako anakadiria meli itakuwa. Adui akigeuza usukani mara tu aonapo moshi wa mitutu, mkupuo mzima, yaani makombora yote yaliyofyatuliwa pamoja, unatumbukia baharini. Mojawapo ya mapigo ya mbali zaidi yaliyowahi kuipata meli iliyo mwendoni ni la Warspite ya Uingereza dhidi ya Giulio Cesare ya Italia, tarehe 9 Julai 1940, na hilo lilikuwa kwenye kilomita 24 tu.

Basi swali la kuuliza ni nani anayekadiria vizuri zaidi. Yamato ilitegemea hasa darubini za kupimia umbali zenye upana wa mita 15, nzuri sana mchana kweupe. Iowa ilikuwa na rada ya Mark 8 iliyolisha kompyuta ya magurudumu ya meno, na kompyuta hiyo iliendelea kupiga hesabu hata meli yenyewe ikiwa inakata kona.

Thamani ya rada hiyo ilionekana kwenye mlango-bahari wa Surigao, Ufilipino, usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 1944. West Virginia na Maryland ni meli za muundo mmoja, kila moja na mizinga 8 ya milimita 406. West Virginia ilikuwa na Mark 8: ikafyatua gizani kutoka kama kilomita 21 na kuipata Yamashiro ya Japani kwa mkupuo wa kwanza, kisha ikamaliza usiku imerusha makombora 93. Maryland, yenye rada ya zamani, haikuweza kumpata adui yenyewe. Ilisubiri kuona makombora ya mwenzake yanarusha maji wapi, ndipo ikalenga hapohapo. Ikarusha 48. Mizinga ileile, usiku uleule!

Uamuzi wetu: usiku au kwenye ukungu, Iowa bila ubishi. Mchana kweupe chini ya kilomita 20, Yamato ni hatari mno, kwani kombora lake moja lingeweza kupita kwenye milimita 307 za Iowa. Lakini mwenye mbio ndiye anayechagua umbali, na nahodha wa Iowa asingekuwa na sababu ya kusogea.

SWALI: Mbona kwenye gemu hilohilo naielekeza omo (sehemu ya mbele) ya Iowa yangu kwa Yamato, ili makombora yake yateleze, na bado yanapenya? – Msomaji, Kampala

JIBU: Ni kanuni ya 14.3. Kombora la kutoboa deraya ambalo kipenyo chake kinazidi unene wa bamba mara 14.3 hupenya hata likija kwa pembe gani. Gawanya 460 kwa 14.3 upate 32.2. Bamba la omo ya Iowa ndani ya gemu ni milimita 32, chini kidogo ya hapo, basi linapenywa. Kwako wewe, 406 kwa 14.3 ni 28.4, ndiyo maana yako yanateleza kwenye omo ya Yamato. Usikae naye uso kwa uso. Jifiche nyuma ya kisiwa, subiri tureti zake (vibanda vya mizinga), ambazo huzunguka polepole, zielekee kwa mwenzako, kisha mpige akikuonyesha ubavu. Na unapogeuka ili tureti ya tezi (nyuma) nayo ifyatue, usizidishe: ubavu ukifunguka, ghala la baruti liko wazi.

Baharini hakukuwa na kanuni hiyo. Omo za meli zote mbili ziliachwa nyembamba makusudi, deraya nzito ikafunika sehemu muhimu tu, kama mitambo, baruti na mizinga. Na kuna maumivu ambayo gemu linayasamehe. Bismarck ya Ujerumani iliharibiwa usukani na torpedo moja ya ndege tarehe 26 Mei 1941, ikawa inazunguka, na kesho yake ikazama. Kwenye gemu unabonyeza kitufe, usukani unapona.

SWALI: Mzinga wa Königsberg, meli ya kivita ya Ujerumani, ulioko Fort Jesus ni mwembamba. Uliizamishaje Pegasus ya Waingereza? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hizo hazikuwa manowari za deraya nzito, ila hesabu ni ileile. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105, Pegasus 8 ya milimita 102. Tofauti ya milimita 3! Lakini tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo, na mizinga yake ya kizamani haikumfikia Mjerumani aliyesimama mbali. Königsberg nayo iliishia Rufiji tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani wakaing'oa mizinga yote 10 na kuitia magurudumu wapigane nayo nchi kavu. Ukienda tena, chukua utepe upime mdomo wa huo mmoja: sentimita 10 na nusu.