Maswali ya wasomaji: majivu ya nyota na antena za Ngomeni

*Mwalimu, shikamoo. Nyota ikishalipuka, mbona huendelea kung'aa kwa miezi? (Msomaji, Shela)*

Marahaba. Mlipuko hupika nikeli-56, aina ya nikeli isiyodumu. Kila siku 6 nusu yake hugeuka kobalti-56, na kobalti huchukua siku 77 nusu yake kuwa chuma. Nishati inayotoka hapo ndiyo mwanga unaouona. Supanova, yaani nyota iliyolipuka, ya 1987A ilififia kwa mwendo huohuo wa kobalti. Tena miale yake ya gama, yenye nguvu kupita eksirei (X-ray), ilitoka mapema kuliko ilivyotarajiwa: nikeli ya kiinini ilikuwa imesharushwa kuelekea nje. Nyota ile ilivurugika ndani kwa ndani.

*Nyota Betelgeuse ikilipuka tutaungua?*

Hapana. Iko mbali mno, mamia ya miaka ya mwanga. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na ile sauti inayosambaa WhatsApp kwamba tutaungua ni uzushi. Acheni kuwatisha watoto.

*Wanajuaje kilichotokea ndani ya nyota iliyolipuka, na hakuna aliyefika? (Mwanafunzi, Malindi)*

Wameifuata titani-44, aina ya metali ya titani isiyodumu, mwanangu. Huzaliwa jirani na kiini kinachoporomoka, pale inapoamuliwa kipi kizame na kipi kitoke. Nusu yake huisha kwa miaka 60 hivi, kwa hiyo katika Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka miaka kama 350 iliyopita, bado imo. Setilaiti ya NuSTAR, iliyorushwa 2012, ilinasa eksirei zake, na ramani ikatolewa 2014. Titani imekaa mabongemabonge, upande huu nyingi, ule kidogo. Basi mlipuko haukusukuma sawasawa pande zote. Maada ilichemka na kuyumba kiinini kabla ya kufumuka.

Sasa sikia ambalo hukuuliza. Data za NuSTAR hushukia kwenye antena za hapo Ngomeni. Na Uhuru, setilaiti ya kwanza mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapohapo, tarehe 12 Desemba 1970. Mtoto wa Malindi kumaliza sekondari bila kuambiwa haya ni dhuluma. Walimu wa fizikia, wapelekeni Ngomeni, ombeni ruhusa, wakaone.

*Nimeuziwa "jiwe la supanova" la kutibu mgongo. Ni kweli?*

Umetapeliwa. Chuma-60, aina ya chuma cha supanova, kimepatikana kwenye sakafu ya Pasifiki, lakini ni atomu chache mno, za kusakwa kwa mitambo ya maabara. Nenda hospitali mgongo utazamwe, na pesa zako kazidai leo.