Ukitaka kuingia bhakti, usianze na mizunguko 16

Nikisema nafanya yoga, watu huniuliza kama naweza kusimama kichwa chini miguu juu. Siwezi. Hata kugusa vidole vya miguu kwangu ni shughuli. Yoga niliyolelewa nayo nyumbani kwetu Upanga haihitaji mkeka. Ni bhakti, njia ya kumwendea Mungu kwa mapenzi, ambayo Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, huitaja pamoja na njia ya matendo na njia ya elimu.

Aliyenifundisha ni bibi mzaa baba, sote tukimwita Ba. Alikuwa na kisanamu cha shaba cha Krishna, ambaye kwetu ndiye Mungu, akiwa mtoto anayetambaa, hakizidi kidole gumba. Kila asubuhi akikiamsha, akikiogesha, akikivisha nguo. Kikiingia kipupwe, akikifunika kishali alichokishona mwenyewe. Kipupwe cha Dar, jamani! Siku nilipomcheka akaniuliza, "Mwanao akilala dirisha wazi, utangoja mpaka apige chafya?"

Kumpenda Mungu kama mzazi ampendavyo mwanawe huitwa vatsalya. Wengine humpenda kama mtumishi na bwana wake, wengine kama rafiki. Mirabai, binti wa kifalme wa Rajasthan, alijihesabu mke wa Krishna. Kwa hiyo shika uhusiano ambao moyo wako tayari unaujua. Mimi sina mtoto, vishali siviwezi. Nimeshika urafiki, naye nampigia soga.

La pili nimelijua kwa kuumia. Nilipoanza kazi nilisikia kwamba wafuasi wa Hare Krishna, harakati iliyoanzishwa New York mwaka 1966, huzungusha mala, yaani tasbihi yao, mara 16 kila siku. Mala ina shanga 108, na kila shanga ni mantra moja, maneno ya kulitaja jina la Mungu. Piga hesabu: 1,728. Ni kama saa mbili hivi. Nikajipangia kuamka saa kumi alfajiri. Siku ya tisa nilizinduka jua limeshatoka, alama za shanga zimejichora shavuni, kazini nimechelewa, na aliyenikasirisha nikaona ni Mungu. Nikaacha kwa karibu mwaka mzima.

Kilichonirudisha ni sura ya 12 ya Gita. Mle Krishna anapunguza bei kama muuza duka asiyetaka mteja aondoke. Tuliza akili yako kwangu, anasema. Huwezi? Basi jizoeze. Na hilo limekushinda? Fanya kazi zako kwa ajili yangu. Hata hilo? Basi acha kung'ang'ania matunda ya kazi zako.

Siku hizi nafanya mzunguko mmoja tu, kabla sijashika simu. Shanga inalala juu ya kidole cha kati na kidole gumba kinaivuta. Kidole cha shahada (jina zuri mno kwa habari hii) hakigusi kitu. Ukifika kwenye shanga kubwa, meru, huivuki. Unageuza mala unarudi ulikotoka. Siku nyingi sihisi chochote. Nafika shanga ya 60 nikigundua nawaza luku, narudi kwenye jina, naendelea. Usijilazimishe machozi kwa sababu jirani yako analia kwenye kirtan, pale watu wanapoimba pamoja majina ya Mungu.

Na ukitafuta wa kuimba nao, usiulize ukoo. Narsinh Mehta, mshairi wa karne ya 15 wa Junagadh, Gujarat, inasimuliwa kwamba Wabrahmani wenzake, watu wa tabaka la makuhani, walimtenga kwa kwenda kuimba bhajan, nyimbo za ibada, kwa watu waliohesabiwa najisi. Nasi huku bado tuna ukumbi wa tabaka hili na ukumbi wa tabaka lile. Inanikera.

Kama shanga zinakuchosha, anzia jikoni. Gita, sura ya 9, inasema jani, ua, tunda au maji, yakitolewa kwa mapenzi, yanapokelewa. Kwetu chakula kinawekwa kwanza mbele ya Krishna, ndipo sisi tunakula, na mpishi haruhusiwi kuonja. Mara ya kwanza kukabidhiwa sufuria nilipika wali wa choroko. Ukawekwa, kengele ikalia, tukangoja, tukapakua. Sikuwa nimetia chumvi hata punje. Baba akaniangalia. Ba alikula sahani yake yote polepole, akafuta mdomo, akasema, "Mwenyewe hakulalamika. Haya, nipitishie achari."