Dodoso linasema akina mama hawa ni wakali: je, ni utamaduni?

Swali: Ninasomea shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii mjini Houston. Nimewahoji akina mama 40 kutoka Mexico, Honduras na Guatemala kwa dodoso la mitindo ya malezi, na wengi wameangukia kundi la malezi ya kimabavu. Je, nikiandika kwamba sababu ni utamaduni wa Kilatino, yaani wa watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, nitakuwa nimekosea?

Jibu: Utakuwa umekosea, na kosa hili nalikuta karibu katika kila rasimu ya tasnifu ninayoletewa. Makundi ya malezi unayoyatumia yana asili yake katika kazi ya mwanasaikolojia Diana Baumrind, ambaye miaka ya 1960 alizichunguza familia za Berkeley, California, nyingi zikiwa za Wazungu wa tabaka la kati. Mwaka 2009, Melanie Domenech Rodríguez na wenzake walipozitazama familia za Walatino wa kizazi cha kwanza nchini Marekani, waliona kuwa wazazi wengi hawakuingia vizuri katika makundi hayo ya kawaida: upendo wao ulikuwa mwingi, matakwa yao kwa mtoto makubwa, na uhuru wa mtoto kujiamulia mdogo. Wakauita mtindo huo malezi ya ulinzi. Dodoso lisilo na nafasi ya mchanganyiko huo litamwona mama mkali tu.

Mtoto wa Mexico aliyefunzwa adabu, akiitwa na mamaye, huitika "mande", yaani niamuru. Mtafiti mgeni husikia mabavu, lakini sisi tuliokatazwa kuitika "nini?" tukafunzwa "abee" na "naam" hatuna udhuru wa kutoielewa heshima hiyo. Vivyo hivyo, mama akisema mwanawe ni "bien educado", neno kwa neno "aliyeelimishwa vizuri", hazungumzii shule, bali anasema mtoto amelelewa akaleleka.

Linaloniudhi zaidi ni kulifanya neno "utamaduni" kuwa gunia la kutupia kila tusichokiuliza. Mama asiye na hati za ukaazi anayemzuia mwanawe kuvuka lango anaweza kuwa anaogopa kukamatwa na kurudishwa kwao, na hofu hiyo imeletwa na sheria za uhamiaji. Mama wa Guatemala ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimam amekujibu kwa Kihispania alichojifunza ukubwani. Rudi kwa akina mama hao, umuulize kila mmoja alifika lini, kwa njia gani, na mtoto mwema kwake ni yupi. Wala usimtumie mtoto kuwa mkalimani, maana mama hatakueleza adhabu anazotoa kupitia kinywa cha yule anayeadhibiwa.

Tena jihadhari na wanaouza semina za siku moja zenye orodha ya "Walatino walivyo", kana kwamba Mkuba wa Miami na Mhonduras aliyewasili mwaka jana wamelelewa nyumba moja. Orodha hizo hunakiliwa na maafisa wenye haraka hadi kwenye mafaili ya ulinzi wa watoto, ambako hakimu husoma kwamba mama ni wa kimabavu kabla hajamsikia mama mwenyewe, na mtoto anaweza kulala usiku huo kwa walezi wasiojua neno hata moja la lugha yake.