Usiiache ritifaa ya babu yako

Mwanangu Masanja,

Swali lako la juzi limenikaa kichwani. Ulisema mmeambiwa mtoto mnayemtarajia ni wa kiume, unatamani apewe jina la babu yako, Ng'wandu, ila una hofu mbili: kwamba limebaki la wazee, na kwamba huko Manchester hakuna atakayeweza kulitamka. Ukauliza kama mlifiche katikati, litangulie la Kizungu.

Kuhusu kubaki la wazee, hujakosea. Nimeita rejista hapa Maswa miaka mingi: akina Kelvini, akina Ibrahimu, akina Emanueli. Ng'wandu nilikuwa nalikuta mwisho wa mstari, jina la babu. Hata Dk. Pius Ng'wandu, aliyekuwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, la mbele ni la ubatizo. Ndivyo majina yetu yanavyopotea, yanasukumwa nyuma kila kizazi hadi yanadondoka. Kwa hiyo sitaki ulifiche. Litangulie.

Tena ujue unachompa. Ng'wandu ni mbuyu. Kiswahili kinaposema mw, Kisukuma tunasema ng'w: mwana ni ng'wana, mwaka ni ng'waka. Mama yake babu yako alishikwa na uchungu akitoka kisimani, akautua mtungi chini ya mbuyu, akajifungulia papo hapo. Maji yale yale ndiyo yaliyomwogesha mtoto. Babu yako alinionyesha mti wenyewe nikiwa na miaka saba, akaniwekea kiganja kwenye gome, hakusema neno.

Sasa matamshi. Mkamwana wangu sauti hiyo anayo mdomoni kila siku, sema Kiingereza huiweka mwishoni, hakianzi nayo neno. Mwambie aseme "long", aivute ile sauti ya mwisho, ulimi umegota nyuma, pumzi inatokea puani, halafu asikate, aunganishe "wandu". Akizoea, aache "lo". Asitie g ya ngoma; hii ni ya ng'ombe. Unakumbuka darasani nilivyowarudisha kwenye ng'oa na ngoa? Moja ni kuung'oa mche, nyingine ni wivu, na kinachozitenga ni ritifaa tu, ile alama ndogo ya juu baada ya ng. Kama anaona ni sauti ya ajabu, basi Wavietnam wenye jina la Nguyen ni mamilioni, nalo huanzia puani vivyo hivyo.

Mimi ninachokiogopa ni maandishi. Cheti changu cha darasa la saba kiliandikwa Mwandu. Cha ualimu, Ngwandu, ritifaa imeliwa. Kitambulisho, Ng'wandu. Nilipofuatilia mafao ya kustaafu nikaambiwa hao ni watu watatu. Nimekwenda na kurudi miezi minne, bahasha ya kaki kwapani, mpaka nikaapa mahakamani kwamba wote ni mimi. Yule aliyekosea hata hakuinua macho kuniuliza linaandikwaje. Bado inaniuma, kwa sababu hilo ndilo jina la baba yangu.

Kwa hiyo siku ya kumwandikisha nenda mwenyewe, usitume mtu. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpe karani, na kabla ya kutia sahihi soma herufi moja moja. Alama hiyo haitamshangaza, akina O'Connor kwao huko ni wengi. Baadaye, kwenye pasipoti, utaona mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine imeandika NGWANDU. Usigombane nao, kanuni za kimataifa za hati za kusafiria huondoa ritifaa katika mistari hiyo, na O'Connor naye husomeka OCONNOR. Wewe angalia lile la juu. Na nakala ya cheti cha kuzaliwa nitumie, niiweke pamoja na vya kwangu.

Wakimfupisha shuleni wakamwita Andu, akipenda mwenyewe, sina neno. Ila ajue lake kamili, na awe anaweza kulitamka mbele za watu.

Mama yako anawasalimu, anauliza kliniki wamesema tarehe ngapi. Jumapili nipigieni baada ya ibada, na simu mpe mkamwana. Nataka nimsikie akilisema.

Baba yako