Shahidi mmoja, usiku, taa moja: inatosha kumtia mtu hatiani?

SWALI: Shikamoo wakili. Mdogo wangu ana kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha hapa Tanzania. Anayemtaja ni mtu mmoja tu, jirani yetu aliyeporwa. Anasema alimtambua saa tatu usiku kwa mwanga wa taa na kwa sauti. Wazee nyumbani wanasema bila mashahidi wawili kesi haisimami. Ni kweli? Na sisi tutathibitishaje kwamba hakuwepo?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni.

Nianze na hilo la wazee, maana nimeona familia zikilitegemea mpaka siku ya hukumu. Si kweli. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa ili kuthibitisha jambo. Mmoja akiaminika anatosha, hata kwa kosa hili ambalo kifungo chake hakipungui miaka 30.

Lakini kuaminika kwa shahidi wa utambuzi kuna masharti yake, na hapa ndipo kesi ya mdogo wako ilipo. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani iliweka msimamo unaofuatwa hadi leo: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba hakuna uwezekano wa kumfananisha mshtakiwa na mtu mwingine. Zingatia kwamba hasemwi shahidi mwongo tu. Mtu mkweli kabisa, aliyeshikiwa panga, anaweza kuapa kwa moyo mmoja na bado akawa amekosea.

Kwa hiyo hakimu atatafuta mambo mahususi. Shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Alikuwa akimfahamu kabla? Na mwanga: kusema "taa ilikuwa inawaka" hakutoshi. Ilikuwa taa ya aina gani, ilining'inia wapi, ilimulika uso wa nani, ukali wake ulikuwaje? Mahakama ya Rufani imeshawaachia huru watu wengi kwa sababu shahidi aliishia kwenye neno "taa". Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, itajibu kwamba hawa ni majirani, na ni kweli kumtambua unayemjua ni rahisi kuliko kumtambua mgeni. Hata hivyo watu hukosea hata kwa ndugu zao. Sauti peke yake ni dhaifu zaidi. Shahidi aeleze aliizoea vipi, na usiku ule aliisikia ikisema nini.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: jirani alimtaja mdogo wako lini? Kama alimtambua, tunatarajia jina litoke mapema iwezekanavyo, kwa waliokuja kusaidia au kwa polisi wa kwanza kufika. Akikaa siku nne bila kumtaja na bila sababu ya maana, mahakama inapaswa kujiuliza kulikoni. Wakili wenu aombe nakala ya maelezo ya mlalamikaji aliyoyaandikisha polisi. Mshtakiwa ana haki ya kuyapata. Jina likikosekana humo, hapo ndipo pa kumhoji shahidi.

Sasa swali lako la pili. Hamna wajibu wa kuthibitisha kwamba hakuwepo. Mzigo ni wa Jamhuri tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi. Mshtakiwa hatiwi hatiani kwa sababu utetezi wake ni dhaifu. Anatiwa hatiani kwa nguvu ya ushahidi wa upande wa mashtaka. Kwake inatosha kuibua shaka ya msingi.

Ila kuna utaratibu, na wengi hujikwaa hapa. Akitaka kudai alikuwa mahali pengine, atoe taarifa ya nia hiyo kabla usikilizwaji haujaanza. Akichelewa, basi awasilishe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Akinyamaza hadi siku ya kujitetea, mahakama inaweza kuamua kutoupa utetezi huo uzito wowote, hata kama aliokuwa nao usiku ule wamekaa nje wakisubiri kuitwa. Mwambieni wakili leo.